Diski Mbili Tupu

Juzi, kwa fundi kompyuta pale Chapwa, nilimkuta mwalimu mstaafu wa Itaka amefuata kompyuta yake, aliyotaka kazi iliyomo ihamishiwe kwenye diski mpya. Katika diski ya zamani alikuwa ameweka maneno ya Kinyiha, lugha ya kwao, aliyokusanya kwa wazee miaka ishirini.

Fundi alijikuna shingo. "Mwalimu, nisamehe. Nimenakili kinyume. Diski tupu imefuta ile yenye kazi yako."

"Basi rudia, baba."

"Nirudie kutoka wapi, Mwalimu?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Walioniambia nimeshawazika."

Fundi akajitetea kwamba mashine ilimuuliza kama ana uhakika, naye akabonyeza ndiyo. Hata mimi hubonyeza hivyohivyo, sufuria ikiwa jikoni, bila kusoma. Mwalimu alifunga diski zote mbili kwenye leso, akashukuru, akaondoka.