Jumamosi za Kumkamua Kasereka

Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Butembo miaka ile ya vita hatukuwahi kumpeleka mbwa kwa daktari. Daktari wa mifugo aliyekuwepo, yule wa serikali, alikimbia mapema, na milango ya ofisi yake ikawa kuni za kuchemshia maharagwe ya askari. Mbwa akiugua alitibiwa jikoni, kando ya mafiga yaleyale yaliyotuivishia sisi viazi na sombe, majani yale ya muhogo. Leo hapa Beni nawaona vijana wakitembea na mbwa aliyevishwa fulana. Akikohoa kidogo wanampigia simu fundi wa mifugo, naye anafika kwa pikipiki na glavu zake nyeupe. Akinuka, wanaziba pua na kumfukuza barazani kama vile wao hawajawahi kunuka. Nawacheka, kisha naacha. Harufu ile naijua vizuri, na kila ikinifikia inaniletea siku ambayo ningetoa chochote nisiikumbuke.

Wenzangu mliozaliwa kwetu mnajua kwamba mtoto wa Kinande hachaguliwi jina; anazaliwa anakuta jina linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo mpaka mama achoke. Nyumbani tulikuwa wawili tu, kaka yangu Paluku na mimi Kambale. Baada yangu mama hakushika mimba tena. Basi siku moja baba alirudi kutoka soko la Musienene, akatua kikapu cha vitunguu na viazi, na juu ya vitunguu amelala mbwa mchanga mwenye masikio ya kahawia.

"Kasereka wenu ni huyu," akatuambia. "Mama yenu amekawia sana, nimeenda kumununua soko."

Mama alimjia juu. Jina la mtu halitupiwi mbwa, alisema, mapadri watasikia, wazee watasikia. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka haukuisha akafa kwa homa, kifo cha kawaida cha nyakati za kawaida, kabla hatujasikia risasi hata moja. Tangu hapo jina lile likawa utani wake pekee uliobaki nyumbani, na mama yetu, aliyelikataa, ndiye aliyekuwa akiliita kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Utoto ni kitu cha ajabu, unaona raha hata mahali ambapo wakubwa wanaona kaburi. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni, nasi tulishuka mteremko juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, Paluku akiwa mbele ameshika pembe, mimi nyuma nimemkumbatia kiuno, na Kasereka akifuata nyuma akibweka. Tulicheza mpira wa majani ya migomba uliofungwa kwa kamba. Shuleni tulichapwa kwa kuchelewa na tulichapwa kwa kuwahi. Jioni tulikula bugali wa muhogo kwa mikono, tukigombania ukoko wa chungu, na mbwa alipata maganda na mifupa, kama mifupa ilikuwepo. Hakuna aliyempimia chakula.

Halafu vikaja vita, na sijui kwa nini, ugonjwa wa Kasereka ulikuja navyo. Alianza kuburuta matako. Anakaa chini, ananyoosha miguu ya nyuma mbele, anajivuta kwa miguu ya mbele ua mzima. Paluku na mimi tulianguka kwa kicheko. Tulisema naye amepata chukudu yake. Mama alisema ni minyoo, akamsagia mbegu za maboga. Minyoo haikuonekana na kuburuta hakukuisha. Kisha ikaanza harufu, ya samaki wa ziwani aliyesahaulika kikapuni juani. Jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto wengi, alikuja na sahani yake chini ya kitenge, akasema kwa upole kwamba akina mama wanapaswa kusaidiana nyakati za shida, na kama Mungu ametupatia makayabo, samaki wa chumvi, basi tusile peke yetu. Mama alimwelekeza kwa mbwa. Yule mama aliinama, akanusa, akaondoka bila kuaga.

Mama alikuwa amekua kati ya ng'ombe, na baada ya kumchunguza Kasereka alielewa. Chini ya mkia, kushoto na kulia mwa tundu la nyuma, kulikuwa na vifuko viwili vimejaa na kuwa vigumu kama maharagwe mabichi. "Ni kama titi ya ng'ombe yenye maziwa imefungana mo," alisema. "Lazima tuikamule." Tangu siku ile ikawa kazi ya Jumamosi. Tulioga sisi kwanza kwa ajili ya misa ya kesho, tukasuguliwa masikio mpaka yakawaka moto, kisha ikafika zamu ya mbwa. Mama alichemsha maji na chumvi, akaacha yapoe mpaka mkono uweze kuyavumilia, akachovya kitambaa na kukiweka chini ya mkia kwa muda mrefu ili pale pawe laini. Halafu alivaa mfuko wa plastiki mkononi. Mimi nilishika kichwa na kumwambia Kasereka maneno matamu. Paluku, mwenye nguvu, alishika kiuno. Mama aliminya taratibu, kutoka chini kwenda juu, hakuwa na haraka. Uchafu wa kahawia ulitoka, na sote watatu tuligeuza nyuso upande mmoja, mbwa naye akageuza, kana kwamba si wake. Mama alipanguza kwa maji ya chumvi na kusema, "Wasingya, mutoto," maana yake asante, kama alivyotuambia sisi tukimaliza kunywa dawa.

Alikataa kumkamua kila siku. Alisema ukizidisha unaumiza. Badala yake alimpa maboga na majani ya viazi vilivyochemshwa, ili choo kiwe kigumu na kijikamulie chenyewe kinapopita. Ilisaidia. Kuna majuma mengi ambapo mfuko wa plastiki ulikauka msumarini bila kazi, nasi tukadhani tumeshinda kitu.

Lakini vilimani wapiganaji walikuwa wakiongezeka, na walitaka wavulana. Walipita nyumba kwa nyumba. Hawakubishana sana, mvulana aliyeota ndevu mbili alikuwa wao. Paluku alikuwa ameota zaidi ya mbili. Mama akamtengenezea mahali kwenye dari ya jikoni, pale juu ya moto tunapokaushia mahindi, na mchana kutwa alilala humo nyuma ya magunia, akimeza moshi na kikohozi chake. Mimi nikakatazwa kuitwa Kambale. Kwetu jina ni hesabu: anayesikia Kambale anajua kuna Paluku. Nikawa Désiré, jina langu la ubatizo, na majirani wote wakashika, hata yule wa makayabo, hata watoto wadogo. Wapiganaji walipokuja mara ya kwanza mama alisimama mlangoni akawaambia, "Niko na mutoto moya tu, Désiré huyu," nao wakaniangalia miguu yangu myembamba wakaenda.

Tulikuwa tumefikiria kila kitu. Nani angefikiria jina la mbwa?

Jumamosi ile Kasereka alikuwa vibaya. Upande mmoja chini ya mkia ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto. Mama alisema usaha umejifunga, usipotoka utamuua. Tulihitaji mikono ya Paluku na Paluku alikuwa darini. Alinong'ona kutoka juu, "Mama, nishuke kidogo tu, nimushike." Mama akasema, "Hapana shuka. Bakia ile pahali." Akamkanda kwa maji ya moto, akashika kiuno kwa mkono mmoja na kuminya kwa mwingine. Uvimbe ulipasuka. Usaha na damu vikaruka, maji ya chumvi yakaingia kwenye kidonda, na Kasereka akapiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa mnyama, akamponyoka mama, akatoka mbio kuelekea barabarani akiacha matone.

Mama alitoka nyuma yake na mfuko wake mkononi. Aliogopa tu kwamba mbwa atakufa vichakani na kidonda wazi. Akaita kama alivyoita kila siku, kwa kifua chote:

"Kasereka! Kasereka we! Rudia hapa!"

Wapiganaji walikuwa wanapanda barabara hiyo hiyo. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu, wa kwetu kabisa, alisimama.

"Mama," alisema, "Kasereka ni nani?"

"Ni imbwa, papa. Ni imbwa tu, iko na kidonda."

Mbwa alikuwa amelala kando ya njia akijilamba, hakuna aliyebisha. Yule mtu akacheka kidogo, bila ubaya. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba hakuwa na sura mbaya.

"Miye pia ni Kasereka," alisema. "Mbele yangu kulikuwa Paluku na Kambale. Mutu hawezi kupatia imbwa jina ya tatu kama ya kwanza na ya pili hazijakamatwa. Huyu mutoto ni nani?"

"Ni Désiré."

"Hapana jina ya batisimu. Jina ya kwetu." Akainama kwangu. "Kama wewe ni Paluku, Kambale iko wapi? Na kama wewe ni Kambale, mukubwa yako iko wapi?"

Nilimwangalia mama. Alikuwa bado amevaa plastiki yenye damu. Yule mtu alimtazama kwa muda, na nadhani alimhurumia, kwa sababu alishusha sauti.

"Mama, sema tu mukubwa alikufa. Sema ivi, sisi tutapita. Sisi pia tuko na bamama."

Mwaka ule mama yangu alikuwa amesema uongo mwingi, na aliusema vizuri. Aliwaambia askari hana chumvi huku amekalia chumvi. Aliwaambia ana mtoto mmoja huku wa pili anakohoa juu ya vichwa vyao. Lakini tumelelewa tukiambiwa kwamba kinywa cha mzazi kinaumba, kwamba laana ya mama haihitaji hasira, inahitaji neno tu. Alifungua kinywa. Niliona ulimi wake ukitafuta mahali pa kuanzia. Alikifunga. Akakifungua tena. Hakuweza kumzika mwanawe akiwa hai, hata kwa uongo, hata kwa kumwokoa.

"Basi," alisema yule mtu, kwa huzuni kama ya mtu aliyekataliwa zawadi. "Muangalie mu jiko."

Walimshusha Paluku amejaa masizi, macho mekundu. Hakupigana. Alipopita karibu na mama alisema, "Mama, hapana lia, umumalizie kwanza Kasereka kidonda." Hakusema neno lingine, na sisi hatukumwona tena. Si maiti, si barua, si mtu aliyesema alimwona kule Kasugho au Kanyabayonga. Hakuna.

Majirani walidhani mama atamuua yule mbwa. Mjomba alikuja na panga, tayari kumsaidia. Mama alimfukuza. "Imbwa hapana iliita jina yake," alisema. "Ni kinywa yangu." Akachemsha maji na chumvi. Jumamosi baada ya Jumamosi aliendelea kumkamua, mimi nikiwa nimeshika kiuno sasa na kichwa hakina mtu, na mbwa akapona, akanenepa, akaishi miaka mingi isiyokuwa na maana yoyote. Hakumwita tena kwa jina. Alimpigia makofi. Padri alipomwuliza kama tumtolee Paluku misa ya marehemu, mama alitikisa kichwa. Bado anatikisa, mzee sasa, na mimi sina dini wala maneno ya kumpa.

Watu wa rika langu tukikutana tunasema zamani kulikuwa kuzuri. Majirani walishika siri moja kama familia moja. Leo vijana wanaanika kila kitu kwenye simu, hata wanachokula. Tulikuwa na heshima. Wao hawamjui shangazi wala mjomba. Ni kweli, nami nasema hivyo hivyo, naitikia kwa kichwa. Zaidi ya yote wazee hulalamikia majina. Wanasema vijana wameua mpango wa mababu, kila mtoto anaitwa kwa Kifaransa, huwezi kujua nani katangulia kuzaliwa na nani kafuata. Wakisema hivyo wananitazama mimi, kwa kuwa wangu wanaitwa Exaucé, Christian na Merveille, na hawana jina lingine hata ndani ya moyo wangu. Wananiuliza kama naona aibu kwa kabila langu. Huku Beni bado tunalala tumevaa viatu, tayari kukimbia, na mlango wangu ukigongwa, nataka aliye nje aweze kusikia jina la mmoja wao bila kujua ndani wako wangapi.