Uso wa Ruperto Langoni

Leonila wa Pavia huchora mabango ya turubai: ya wahitimu, ya wagombea, ya marehemu. Mtaani kwao, kama bango lako halijatundikwa, ni kama hukuhitimu wala hukufa. Zamani programu ya kuchorea uliinunua mara moja, ikawa yako mpaka kompyuta ife. Siku hizi unaikodi mwezi kwa mwezi, na ukikwama wanafunga mlango vitu vyako vikiwa ndani. Huo nao ni ustaarabu jamani?

Julai, wahitimu wamekwisha na kazi hakuna, Leonila akaacha kulipia. Alichosahau ni picha ya mumewe, Ruperto. Aliisafisha mwenyewe baada ya mazishi, akamtoa sigara mdomoni, na ilikuwa humo humo ndani ya programu. Simu iliyoipiga iliuzwa ili jeneza lipatikane.

Sasa ni Novemba. Kesho mwaka unatimia. Anavua nguo nyeusi za msiba, majirani wanakuja kusali na kula tambi za pansit, na Ruperto lazima awe langoni. Programu inamwonyesha kwa ukubwa wa ukucha tu. Ukitaka kumfungua, lipia mwaka mzima. Hana.

Akawaandikia huduma kwa wateja. Mashine ikajibu papo hapo: "Habari, Leonila? Unaendeleaje leo?"

Wiki nzima hakuna aliyemuuliza hivyo. Akaandika kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba bado anapika wali wa watu wawili.

"Samahani, sijaelewa. Ungependa kulipia sasa?"

Leonila akacheka peke yake, kisha akalia. Mashine shenzi kabisa ile.

Basi akafanya alichowakataza wateja miaka kumi na tisa. Akainakili ile picha ya ukucha, akaikuza ikawa mita mbili, akapeleka ikachapwe.

Asubuhi jirani yake, Puring, anayemwita Manang, yaani dada, alisimama langoni na sahani ya vitumbua, macho kayatoa.

"He! Manang Leonila, huyu ndiye Manong Ruperto? Mbona naona miraba mitupu kama vigae? Si wewe uliyenirudishia picha ya mwanangu, ukasema ndogo haikuzwi?"

"Ni mimi."

"Sasa? Uso hauonekani, dada!"

Leonila alikuwa ameshika ncha ya turubai, upepo unaivuta.

"Na mimi siku hizi, Puring, nikifumba macho namwona hivyo hivyo."

Puring akaweka sahani chini, akamsaidia kukaza kamba.