Siku Nilipozipaka Breki Mafuta ya Nazi

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu: petroli, ubani na uji wa mtama, vyote pamoja uani kwetu Utende, kisiwani. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na miezi minne tu ndani ya ndoa. Elimu yangu ilikuwa juzuu chache za chuo cha Kurani, basi. Mengine yote nimefundishwa na makosa yangu, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Kaa chini. Hiyo pikipiki yako uliyoifungua ukaitandaza uani haiendi popote.

Bwana yangu alikuwa Shomari, fundi wa baiskeli. Leo namtaja jina, Mungu amrehemu. Zamani zile mke hakumtaja mumewe. Baba yake alimwachia pikipiki, na haikuwa pikipiki ya kuendea sokoni. Ilikuwa ya mashindano. Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba la minazi, alikuwa akiikimbiza kwenye mchanga maji yakipwa, peke yake, sijui akishindana na nani. Alipohama ikabaki kwa baba mkwe. Mzee akaipanda miaka mingi mpaka alipofariki, kisha ikakaa bandani, kuku wakitaga juu ya kiti. Wazee waliiita tukutuku.

Tulipooana Shomari akaapa kuifufua. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila vibaya. Alifungua kila kitu akakipanga juu ya mkeka, na ole wake atakayesogeza nati moja. Kutu tuliisugua kwa makumbi ya nazi na majivu, kisha kwa ndimu, mpaka vidole vikaniwasha. Pistoni ilikuwa imeganda; akaimiminia mafuta ya nazi siku saba, ikalegea. Tangi lilikuwa na matundu, akalilehemu. Rangi akaomba ya buluu iliyobaki kwenye ngalawa ya rafiki yake. Ile mikono ya usukani ya kukimbilia, iliyoinama chini hata mtu anapanda kama anasujudu, akaipinda ikainuka.

Na kiti! Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, chembamba. Akakirefusha. Mimi nikapewa kazi ya kupiga usumba, nyuzi za makumbi, nikajaza mwenyewe, tukashona juu yake kipande cha tanga. "Hapa pako," akaniambia, akipiga kofi sehemu ya nyuma.

Mama mkwe akasikia, akajibu kutoka jikoni: "Anamjengea mke kiti, choo cha mama yake kinaanguka!"

Mama mkwe huyo aliitwa Bi Mwanahawa, na lazima nikueleze alikuwa nani pale Utende. Hakuna aliyetoka kwa safari bila kupita mlangoni kwake. Anafukiza ubani kwenye chetezo chake cha udongo, anamsomea msafiri dua, anamwambia aende na asigeuke. Baada ya hapo msafiri haitwi nyuma. Hata akisahau kofia, haitwi. Mtu humkimbilia kimya kimya mpaka amfikie ubavuni. Kumwita kwa nyuma ni kumfungulia nuksi mlango. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na Bi Mwanahawa ndiye aliyekuwa mlinzi wa jambo hilo. Ilikuwa heshima yake yote. Mali hakuwa nayo.

Basi, siku ya kumaliza kazi Shomari alifungua magurudumu yote mawili ili asafishe breki. Adhana ya alasiri ikamkuta hapo. Akaniambia, "Tatu, usiguse humu," akaenda msikitini.

Nikagusa.

Mimi nilikuwa mtoto wa pwani, mwanangu. Chuma nilikijua kwa jambo moja tu: usipokipaka mafuta, bahari inakila. Kisu tulikipaka, kufuli tulilipaka, meno ya mbuzi ya kukunia nazi tuliyapaka. Nikaviona vile vipande vya breki vinavyobana ndani ya gurudumu, vikavu, vimepauka kama visigino vya mtu asiye na wa kumtunza. Nikavionea huruma. Nikachukua mafuta ya nazi, yale mazuri ya kujipaka, nikavipaka vyote mpaka vikanywa vikashiba. Nikajisifu moyoni. Nikasema, atajua kuwa na mimi ni fundi.

Alirudi ana haraka, magharibi inakaribia, akapaka ekseli grisi, mikono yake mwenyewe ikajaa. Akafunga magurudumu bila kuona kitu. Na mimi sikusema, nikingoja kusifiwa.

Kesho yake asubuhi akaitoa uani. Ilikuwa safari ya kwanza ya maana: apite Kiegeani amchukue shangazi yake, Bi Arafa, ampeleke Kilindoni kumtazama binti yake aliyejifungua. Bi Mwanahawa amekwisha fukiza, amekwisha soma. Shomari anafuta mikono, anamwambia mama yake kwa maringo, "Mama, kila kitu humu nimekitia mafuta isipokuwa breki. Breki ikila mafuta haishiki tena. Mtu anakufa."

Akapiga teke, injini ikaitika.

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilikuwa na nafasi ya kusema, usidhani sikuwa nayo. Pumzi tatu, nne. Nikamtazama mama mkwe, nikamtazama yeye, nikaliona lile neno "usiguse" mbele ya macho yangu. Nikafumba mdomo. Akatoka. Alipokwisha pita ua, ndipo nikajiambia: sasa basi, msafiri haitwi nyuma. Nikajificha humo kwenye mila kama mtu anayejifunika shuka.

Barabara yetu ilikuwa ya mchanga. Ukiachia mafuta, pikipiki inasimama yenyewe, huhitaji breki. Hilo nilijifariji nalo. Lakini Kilindoni ina mteremko wa kushukia bandarini, na chini ya mteremko kuna watu, kuna magunia ya mbata, kuna mikokoteni. Nikauona ule mteremko kama niko juu yake. Nikamwona Bi Arafa nyuma, juu ya usumba nilioujaza kwa mikono yangu.

Nikakaa kukuna nazi. Nakuna, nasikiliza. Injini ilikwisha potea zamani, lakini mimi naisikia. Jasho linanitoka, na jua bado ni changa.

"Tatu," mama mkwe akasema. Alikuwa amesimama juu yangu. "Hiyo nazi umeikuna mpaka kifuu. Tutakula kifuu leo?"

Nikatazama. Sinia lilikuwa na unga mweusi. Nikalia, nikamwambia yote.

Hakunipiga. Ningeona afadhali. Aliuliza swali moja: "Ulijua kabla hajatoka?"

"Nilijua, mama. Lakini alipokwisha toka nikaogopa nuksi. Msafiri haitwi..."

"Hukuogopa nuksi," akanikata. "Uliogopa kugombwa. Usinichanganyie woga wako na mila zangu."

Akajifunga kanga kiunoni akatoka mbio barabarani, mwanamke wa makamo aliyekuwa hatembei bila kujitanda. Jirani yetu Makame, mkwezi, alikuwa juu ya mnazi akiangua. Bi Mwanahawa akampazia sauti: "Makame! Mwite Shomari! Mwambie arudi!"

"Bi Mwanahawa!" Makame akajibu kutoka juu. "Si katoka sasa hivi kwa dua yako? Msafiri haitwi nyuma!"

"Nakwambia ita!"

"Wewe ndiye uliyetufundisha..."

"Makame, paza sauti au nakata huo mnazi na wewe juu yake!"

Makame akapiga ukelele. "Shomari, ruuudi!" Wakati ule wa kuangua kila shamba lilikuwa na wakwezi. Mbele kidogo mwingine akaupokea juu ya mnazi wake, na mbele zaidi mwingine. Jina la bwana yangu likaenda linapita juu ya minazi kuelekea Kiegeani, na mimi nakimbia chini yake, miguu inazama mchangani, kanga moja imeniponyoka sijui wapi. Tegemeo langu lilikuwa moja: Bi Arafa hajawahi kuvaa baibui kwa haraka tangu azaliwe. Nikaomba Mungu apoteze kiatu. Nikaomba arudi ndani kutafuta uturi.

Kisha kelele zikakoma. Mbele yangu kimya. Sijui kama mtu amemfikia au sauti imekatika njiani. Mwanangu, nimezaa watoto saba na nimezika wawili, lakini kimya kile bado nakisikia.

Nilipofika Kiegeani nikaona watu wamekusanyika. Gurudumu la mbele lilikuwa limeelekea juu.

Ilikuwa hivi. Bi Arafa amekwisha panda, pikipiki imekwisha shika mwendo, ndipo mkwezi wa mwisho akaita. Shomari akageuza kichwa, akabana breki. Haikushika hata kidogo. Mbele yake kulikuwa na mnazi. Akaielekeza pikipiki kwenye lundo la makumbi. Bi Arafa akaangukia makumbi akainuka anatukana, mzima. Shomari akavunjika mkono wa kushoto. Kama nisingechelewa kwa muda wa nazi ile moja, angeitwa akiwa bado hajampakia shangazi, asingevunjika kitu. Na kama nisingesema kabisa, angeubana ule mkono wa breki juu ya mteremko wa Kilindoni.

Lakini watu hawakuliona hilo. Waliona kitu kimoja: kaitwa nyuma, kaanguka palepale.

"Wifi!" Bi Arafa alimwambia mama mkwe, aliyekuwa amenifuata mbio, mbele ya watu wote. "Wewe! Wewe wa kumwita mtoto nyuma!"

Bi Mwanahawa alinitazama mara moja. Nikatazama chini.

Shomari alipopata nguvu akafungua gurudumu kwa mkono mmoja, akanusa. "Mafuta ya nazi. Nani kafanya hivi?" Nilikuwa nyuma ya mlango, sikutoka. Nikamsikia mama yake: "Mimi. Uzee, mwanangu. Nilidhani nakusaidia." Shomari akarudisha gurudumu, mtu hamgombezi mama yake. Lakini Bi Arafa alikuwapo akasikia, na habari ikatembea.

Toka hapo wasafiri wakaanza kuzunguka. Walipita njia ya nyuma ya msikiti ili wasiuone mlango wetu. Bi Mwanahawa hakunisema, wala hakunipa kazi ya ziada. Kila akisikia mtu anasafiri alikuwa anawasha chetezo chake, anasimama mlangoni, moshi unapanda, hakuna anayekuja. Na mimi kila siku nikisema, nitasema kesho. Nilidhani nikikaa kimya jambo litapoa, kumbe mimi ndiye niliyekuwa naoza.

Siku moja Makame mkwezi akawa anavuka kwenda bara. Njia ya nyuma ilikuwa na maji ya mvua, ikambidi apite mbele yetu. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni na chetezo. Makame akainamisha kichwa, akapita kama anapita ukuta. Nikaona mkono wa mama mkwe ukishuka taratibu, na majivu yakamwagika kwenye mguu wake. Hakuutoa mguu.

Sikufikiri. Nilitoka uani nikapiga kelele mgongoni mwa msafiri: "Makame! Rudi!"

Njia nzima ilisimama. Wanawake wakatoka milangoni. Makame akageuka, uso umemwiva. "We mwanamke, unanitakia nini?"

"Rudi usomewe," nikasema. "Mafuta niliyapaka mimi. Mama hakugusa. Nilijua kabla bwana yangu hajatoka, nikanyamaza. Mama alimwita ili asife." Nikasema yote, kwa sauti, na Shomari amesimama bandani mkono umefungwa, anasikia. Nilijua huenda jioni niko kwetu na talaka yangu. Nikasema tu.

Makame akaweka kikapu chini, akarudi mpaka mlangoni, akainama. "Shikamoo, Bi Mwanahawa. Nisomee."

"Marahaba," akasema, akaanza kupuliza makaa. Alipomaliza, akiwa hajanitazama bado, akaniambia: "Umechelewa, Tatu." Akapuliza tena. "Lakini umefika."

Shomari hakunisemesha siku tatu. Ya nne akaninyooshea bisibisi. "Kuanzia leo breki ni zako. Nisitoke hapa kabla hujazitazama." Mpaka anafariki nilikuwa nazitazama mimi, na kile kiti cha nyuma nilikikalia miaka mingi.

Sasa sikiliza, na usinitazame kwa huruma, sikukusimulia nihurumiwe. Kitu usichokijua usikiguse kwa sababu tu unakipenda, uliza. Ukikosea, sema saa ileile, injini haijawaka. Aibu ya kusema mapema inakaa siku moja. Ya kusema kwa kuchelewa, mimi nina miaka mingi nayo, na bado mtu akinitajia mafuta ya nazi nainamisha uso. Na ukiona mwenzako amebeba kosa lako, usimwachie hata hatua moja zaidi. Usijifiche nyuma ya mila, wala dini, wala heshima ya wakubwa. Hivyo havikuwekwa vikufiche wewe.

Haya, nenda kafunge pikipiki yako. Breki nitakuja kuziona mwenyewe. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Akutoe salama, akurudishe salama, na siku utakapokuwa unaelekea pabaya, nyuma yako asikosekane mtu wa kukuita.