Mikono Isiyoonekana kwenye Kadi

"Hii mikono ya bwana yangu, uliitoa wapi?"

Swali hilo niliulizwa barazani kwa shangazi yangu, hapa Bunia, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha ualimu. Mwanangu, mimi niliyewabishia walimu mpaka kengele ikalia, siku ile nilijibu kwa kunyoosha kidole tu.

Miaka ile ya Zaïre nilichora picha za watu, hasa marehemu, ili nisome. Asubuhi darasani, mchana barazani, nikipaka rangi za mafuta juu ya magunia ya unga niliyoyafua na kuyawamba kwenye mbao. Mjomba wangu alisema mwanamke msomi hashiki rangi. Mwalimu mmoja akaniambia nichague, daftari au burashi. Sikuchagua. Hata leo nikiambiwa tena, sichagui.

Wachoraji wengine wa mjini walimpa kila marehemu saa, redio na viatu vya kung'aa, kwa kuwa familia zilipenda hivyo. Mimi niliona ni uongo mtupu. Niliandika kwenye ubao wangu wa biashara: NACHORA NILICHOONA. Wenzangu wakipita walicheka: "Artiste, weye utakula ule ubao!"

Ndipo akaja Mama Neema, mjane wa mpakiaji wa magunia ya kahawa, pamoja na binti yake Neema. Alileta kadi ya utambulisho ya mumewe. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama kidole gumba, uso na mabega tu, na nyingine hakuwa nayo.

"Watoto yangu watamujua baba yao kwa hii kazi yako," alisema.

Nilimchora marehemu amekaa kitini, mikono juu ya magoti. Mama Neema aliporudi kuichukua, aliisogeza kwenye mwanga.

"Uso ni yake kabisa. Lakini saa iko wapi? Alikuwaka anavala saa."

"Mama, mupakiaji na saa? Kila mutu anataka saa. Miye nachora nilichoona."

"Na mikono, uliiona?" Akaiweka kadi mbele ya pua yangu. "Hii mikono ya bwana yangu, uliitoa wapi?"

Ilikuwa mikono ya mjomba. Nilimtazama akila, nikaichora. Badala ya kukiri, nilimwonyesha ubao wangu kwa kidole. Saa ningeichora kwa dakika kumi, lakini sikuichora. Mama Neema aliifunga picha ndani ya kitenge chake, akasema, "Aksanti, mademoiselle," akaenda zake.

Shangazi alikuwa pembeni akichambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Hakuinua hata macho. "Unasumbua walimu yako yote na maulizo. Ule mama, ulimuuliza nini?"

Miaka mingi baadaye nilifika Kpandroma siku ya soko. Neema, yule binti wa mjane, sasa mama wa watoto, alinitambua, akanipeleka nyumbani kwake. Picha ilikuwa ukutani. Kwenye mkono wa kushoto, mkono wa mjomba wangu, palikuwa na saa iliyochorwa kwa kalamu ya bluu, na mishale yake yote. Mama yake aliichora mwenyewe, siku ileile aliyotoka kwangu. Alinigomea kama mimi nilivyowagomea wengine! Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Basi mwanangu, wewe unayeuza michoro yako huku unasoma, usikubali kuambiwa uchague. Wagomee. Kataa kuchora uongo, hata kama ndio unaonunuliwa. Lakini kabla hujamwambia mtu kwamba anadanganya, muulize, kisha kaa kimya umsikie. Na macho yako nayo uyaulize. Mimi sijutii kukataa. Najutia kukataa bila kuuliza.

Mungu aishike mikono yako, akupe wateja wabishi, akupe ulimi wa kuwajibu na masikio ya kuwasikia.

Saa ilikuwepo. Neema aliniambia tukiwa tumesimama mbele ya picha ile: mama yake aliiuza sokoni Bunia ili apate cha kunilipa.