Siku Waliponiondolea Mto

Mimi si mtu wa kuugua. Ndiyo maana moyo ulipoanza kunienda mbio baada ya malaria, nilikasirika kabla ya kuogopa. Nauza unga sokoni hapa Likasi, na kila nikiinua mfuko pumzi ilinikatika. Nyumbani tulikuwa wawili tu: mimi mjane, na binti yangu wa pekee aliyekuwa akisomea uuguzi. Nikifa, hana mwingine. Hilo ndilo lililoniuma, si kufa kwenyewe.

Mchana mmoja wamama wa chumba cha sala, kikundi cha maombi cha mtaani, walikuja kuniombea. Kwao mgonjwa hulazwa mkekani bila mto. Mto, wanasema, ni wa mtu anayetaka usingizi, si wa anayetaka kupona. Wakauondoa wangu. Wakaimba, nami nikaimba nao nikiwa chali, maana kuimba siachi hata nikiugua.

Walipomaliza ubeti, binti yangu alipiga magoti kando yangu anipime kama alivyofundishwa. Aliweka vidole kando ya koo kutafuta mapigo ya karotidi, mshipa unaopeleka damu kichwani. Kisha akatazama jugulari, ule unaoirudisha moyoni. Mshipa ulikuwa umejaa, umesimama kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mama, veine ya shingo imevimba," alisema polepole. "Ku masomo banatuambiaka, kama iko hivi, moyo imechoka."

Kufikia jioni mtaa wetu wote wa Shituru ulijua. Wifi yangu, mtu wa Kasai kama marehemu mume wangu, alifika na machozi yake, na kabla chai haijapoa alikuwa akimnong'oneza jirani kuhusu kitenge cha kuvaa matangani. Nikamwambia cha njano asithubutu, njano hainipendezi. Akacheka, akalia tena. Binti yangu hakucheka. Alikaa mlangoni akinitazama ninavyopumua.

Asubuhi tulienda hospitali. Daktari, mwanamke kijana, aliniuliza kazi yangu, kisha akainua kichwa cha kitanda mpaka nikawa nusu nimekaa, akanigeuza uso kidogo, akaitazama shingo kwa muda mrefu. Akasikiliza kifua, kisha shingo pia, akitafuta kile wanachokiita souffle, mvumo wa damu inayopita kwa taabu. Hakuusikia.

"Nani alisema veine imejaa?"

"Ni minye, docteur," binti yangu akajibu.

"Mama alikuwa amelala namna gani?"

"Chini, ku mukeka. Ba mama ba sala balitosha mto chini ya kichwa. Na alikuwa anaimba. Nilitaka kuomba mto, nikaona haya mbele yabo."

Daktari hakumcheka. "Muntu akilala sawasawa, veine inajaa, hata yako, hata yangu. Akiimba, inazidi. Tunaogopa kama inabakia imejaa na kichwa iko juu. Ya mama imeshuka. Angalia weye mwenyewe. Moyo yake iko muzuri. Ni damu ndiyo malaria ilipunguza. Nitamupatia dawa, na mifuko ya bunga, bengine babebe."

Jamani, sijawahi kupenda maneno ya mtu kama nilivyopenda yale. Nikamsamehe hata wifi yangu na kitenge chake.

Daktari alipotoka kuchukua dawa, binti yangu alirudia kila kitu peke yake: akahakikisha mgongo wangu umeinuka, akatafuta mapigo, akatazama mshipa. Halafu akaniegemea begani.

"Mama, nilikuwa nimemaliza kukuzika mu roho."

"Na minye nilikuwa natafuta mama wa kukuachia," nikamwambia. "Sikumupata."

Hapo akalia kwa sauti, pale pale wodini, watu wakitutazama. Nilimwacha alie mpaka atosheke, maana sasa muda tulikuwa nao.