Nilikubali Mbuzi Wanne Bila Kubisha, Macho Yakiwa Kwenye Karata

Nimekosa, jamani. Nilikosa mchana kweupe, mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa kanzu safi niliyopigiwa pasi na mama yangu mzazi. Msiniulize jina. Ndugu zangu nao wanasoma.

Naishi Kalemie, Kongo, ni karani bandarini. Vita ilipopamba moto kule kaskazini, meli ziliacha kuleta mizigo, zikawa zinaleta watu na magodoro yao. Karani asiye na mzigo wa kuandika anafanya nini? Mimi nilijifunza poka kwenye simu.

Mwanzoni nilicheza kwenye meza za kawaida. Hizo hazina taabu: unakaa, unacheza, mama akikuita unainuka na jetoni zako, yaani vile vidude vinavyosimama badala ya pesa, hakuna anayekuuliza. Nilishinda kidogo, nikapoteza kidogo, na nyumbani hakuna aliyejua. Sisi ni Waislamu; kamari kwetu ni haramu.

Lakini kichwa kikavimba! Nikajiona nimekua, meza za kawaida ni za watoto. Nikahamia mashindano. Huko mnaingia mamia, mnatolewa mmoja mmoja mpaka abaki bingwa, na kuinuka katikati hakuna. Ukizubaa, mashine inakukata jetoni kidogo kidogo mpaka unakwisha. Msiba uwe msiba, harusi iwe harusi, yenyewe haikungoji. Hilo sikulifikiria.

Sasa, mdogo wangu Saidi, mwalimu wa shule ya msingi, alimpenda Zaina, binti wa watu waliokimbia Uvira kwa mashua. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wa ukoo ni mimi. Siku ya kupatana mahari ikapangwa Jumapili. Na asubuhi ya Jumapili hiyo nilikuwa nimeingia mashindano, nikidhani nitatolewa mapema kama kawaida yangu. Lo! Siku hiyo karata zilinipenda. Tunavua viatu mlangoni kwa wakwe, tumebaki wachezaji kumi na wanane.

Nikaificha simu kwenye mkunjo wa kanzu, juu ya paja. Papa Ramazani, baba yake Zaina, akaanza kusoma orodha yake. Desturi mnaijua: yeye anataja makubwa, sisi tunalia, tunalalamika, tunataniana, naye anashuka. Heshima yenyewe iko katika kule kubishana.

"Mbuzi ine," akasema.

Nikatupa jicho kwenye simu. Nina wafalme wawili, karata za kushinda!

"Ndiyo, Papa. Tumekubali."

Shangazi yangu Mama Amisa akanifinya. Papa Ramazani alikuwa ameshafungua mdomo kujibu malalamiko yangu, akabaki hivyo hivyo.

"Na... mabati makumi mbili."

"Ndiyo, Papa."

"Na suti yangu. Na pikipiki ya kaka yake Zaina."

Pikipiki haikuwa hata kwenye karatasi. Aliitunga pale pale ili anipime. Nami kidole kiko kwenye simu kinabonyeza. "Ndiyo, Papa. Na pikipiki."

 Papa Ramazani akakunja karatasi yake.

"Mutoto wangu, tuko mu vita. Mwalimu hana mushahara, na ndugu yake anakubali pikipiki bila kulia hata kidogo. Na kila nikisema kitu, unaandikia muntu kwa simu, halafu njo unaitika. Ni komanda gani anakuambia ukubali? Ile mali mulipora wapi?"

Wallahi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Hapana, Papa, hakuna muntu!"

"Basi onesha simu."

Kosa langu kubwa ni hapa, si kule kuitika ovyo. Ningeonesha, wangejua ni kamari. Aibu ingekuwa yangu peke yangu, na Saidi angesafika. Sikuonesha. Nilisema batri imekufa. Simu ikalia pale pale kwenye paja langu, watu wote wakaisikia!

Tuliondoka bila kula pilau, na harufu yake tulikuwa tumeinusa tangu mlangoni. Mjomba wa Zaina akapanda pikipiki mpaka Manono, alikokuwa akifundisha Saidi zamani, akaulize kama mkwe ni mporaji. Barabara ya vita ile! Wiki tano hakuonekana. Zaina alilia, Saidi akakonda mpaka suruali ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Yule mjomba angeuawa njiani, ningemwambia nini Mungu?

Alirudi mzima, na sifa njema za Saidi. Tukaitwa tena kupatana, na safari hii aliyesema ni Mama Amisa. Alibisha tangu asubuhi mpaka alasiri, akauliza kama mbuzi hao wamesoma shule, akainuka mara mbili kujifanya anaondoka. Mwishowe aliondoa mbuzi mmoja na pikipiki. Papa Ramazani alifurahi mno, akawa anamwita dada.

Na mashindano? Nilishika nafasi ya tatu. Zawadi yake ilikuwa tiketi ya kuingia mashindano mengine! Niliufuta mchezo ule nikiwa nimesimama.

Yangeishia hapo, nisingewaandikia. Lakini Saidi hajui. Siku ile ya aibu, tukirudi kwa miguu, wote wakinitukana, yeye alinishika mkono.

"Muache yaya wangu, kaka yangu mukubwa," akawaambia. "Alikubali yote sababu ananipenda. Hakutaka kubishia Zaina bei sawa na samaki ya soko."

Nami nikanyamaza! Wakaoana, wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina langu.

Ninyi wenye simu, mkienda kumsemea mtu, iacheni nyumbani. Mkishindwa kuiacha, basi mkiambiwa muioneshe, ionesheni, hata kama ndani yake kuna haramu yenu. Aibu ya siku moja inapita. Yangu mimi imeshaanza kutembea, inaniita baba mkubwa, na kila Ijumaa inaletwa kwangu niifundishe kuwa na moyo mzuri kama wangu.