Mchumba Aliyesahau Salamu

Mwaka ule mishahara ilikoma, shule zikafungwa, na ile dohani kubwa ya kiwanda cha shaba ikawa haitoi moshi. Mwalimu wetu wa Kifaransa hakuweza kukaa bure. Alikusanya majirani katika ukumbi wa parokia, akaanzisha kikundi cha maigizo, akaniagiza mimi niandike mchezo. Nilikuwa nimemaliza sekondari juzijuzi tu. Niliandika kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili kwetu kilikuwa cha kuongea. Kuandika kulikuwa mambo ya shule, na shule ilikuwa ya Kifaransa.

Mchezo wenyewe ulihusu kijana anayekwenda kuposa. Anabisha hodi, anaingia, anasema, "Bwana, nampenda binti yako." Niliiona ni sentensi safi, isiyo na kosa hata moja.

Baba mkwe aliigizwa na jirani yetu, mzee aliyeendesha treni mpaka treni ziliposimama. Siku ya kwanza ya mazoezi kijana aliingia, akasema sentensi yangu. Mzee akageukia dirisha. Mwalimu akamnong'oneza maneno yake. Mzee akaendelea kutazama dirisha.

"Papa, umesahau?" nikamuuliza.

"Sijasahau. Huyu mutoto anaingia mu nyumba yangu, anaomba binti, na hayanisalimia bado. Nimujibu namna gani?"

"Lakini hiki ni Kifaransa, papa," mwalimu akasema. "Kwa Kifaransa watu wanaenda moja kwa moja."

"Basi atafute bibi wa kuoa kule kule."

Tulicheka mpaka mazoezi yakavunjika. Njiani nilijisikia nimechomwa kidogo, maana alisema kweli: watu wa mchezo wangu walikuwa wanazungumza kama mifano ya kitabu cha sarufi.

Nikaandika upya. Sasa kijana aliinama, akauliza, kwa Kifaransa kile kile, kama wameamka vizuri, kama goti la mzee limepata nafuu, kama mama amepata unga wa kusonga bukari, ugali wetu. Mwalimu alisoma kalamu ikiwa mkononi. "Hakuna Mfaransa anayesema hivi," akasema. Kisha akatabasamu. "Lakini namsikia shangazi yangu." Hakukata hata neno.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi ulijaa. Kijana alipouliza habari za unga, mama mmoja aliyeketi nyuma akamjibu kwa Kifaransa chake kwamba haujapatikana, na yeye mwenyewe anautafuta tangu jana. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana akageuka, akampa pole, ndipo akamrudia mkwe wake. Mzee naye akazirefusha salamu kupita nilivyoandika, akifurahia kila moja, na hakuna aliyelalamika kwamba posa inachelewa.

Tangu hapo nimeandika vitabu kadhaa kwa Kifaransa. Mhariri mmoja wa ng'ambo aliwahi kukata salamu za ukurasa wa kwanza, akisema zinachelewesha hadithi. Nilizirudisha zote, nikaongeza na ya kuuliza habari za watoto. Kitabu kikatoka hivyo hivyo.